Tofali Gumu Si Lazima Liwe Safi

Mtu anayesafiri katika Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kwenda Tegeta na Bunju, au katika Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni kwenda Mbagala Rangi Tatu, hakosi kuviona viwanja vya kufyatulia matofali. Mchanga umerundikwa upande mmoja, mifuko ya saruji imefunikwa turubai, na matofali ya inchi tano na inchi sita yamepangwa juani yakimwagiwa maji asubuhi na jioni. Vitongoji vya Kinondoni na Temeke vimekua kwa matofali hayo. Mnunuzi afikapo hapo huuliza mambo mawili, bei na ugumu. Hulinyanyua tofali, hulidondosha chini, na lisipovunjika huridhika. Swali la tatu haliulizwi: tofali hili likinyeshewa na mvua ya masika, maji yataondoka na nini?

Zamani swali hilo halikuwa na uzito mkubwa. Wajenzi wa msikiti na makaburi ambayo magofu yake yangali yamesimama Kunduchi walitumia mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Hata kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966, malighafi yake kuu ilikuwa jiwe la chokaa lililochimbwa papo hapo kilimani. Siku hizi mambo yamebadilika ulimwenguni kote. Majivu ya makaa ya mawe, mavi ya chuma na mabaki mengine ya viwandani huingizwa katika saruji, na baadhi ya mabaki hayo hubeba metali nzito kama vile risasi, kromiamu, kadimiamu na aseniki. Hoja inayofaa kutazamwa na walimu na wanafunzi wa sayansi ni hii: kipimo cha nguvu hakiwezi kujibu swali la usafi, na nchi inayokubali taka ziingie katika saruji haina budi kuweka kipimo cha pili, ambacho ni kipimo cha maji.

Yafaa kwanza kueleza jinsi saruji inavyotengenezwa. Jiwe la chokaa na udongo wa mfinyanzi husagwa, kisha huchomwa katika tanuri refu linalozunguka, katika joto la kiasi cha digrii 1,450 za Selsiasi. Kitokacho ni punje nyeusi ngumu ziitwazo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, na unga upatikanao ndio saruji. Unga huo ukichanganywa na maji haukauki tu kama udongo ukaukavyo. Huungana na maji kikemia, ukajenga fuwele na ute mgumu unaoshika mchanga na kokoto pamoja.

Taka zinaweza kuingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni tanuri: mabaki huchomwa kama nishati, au huongezwa katika malighafi ili kupata chuma, silika au alumina. Mlango wa pili ni kinu: klinka ikisagwa, huongezewa majivu au mavi ya chuma ili sehemu ya klinka ipunguzwe. Mlango wa tatu haumo kiwandani kabisa. Ni kiwanja cha matofali chenyewe, ambako mfyatuaji anayetafuta nafuu anaweza kuchanganya majivu au vumbi la kiwanda cha jirani na mchanga wake. Milango miwili ya kwanza ina mabawabu, yaani wakemia wa kiwanda na wakaguzi wa serikali. Mlango wa tatu hauna bawabu.

Ingekuwa kosa kusema kwamba milango hiyo yote ifungwe. Matumizi ya mabaki yana manufaa ya kweli. Jiwe la chokaa linapochomwa hutoa kaboni dioksidi, nayo hesabu ya mlingano wa kemia ni rahisi: gramu 100 za kalsiamu kaboneti hutoa gramu 44 za gesi hiyo. Kwa sababu hiyo kila tani ya klinka hutoa karibu nusu tani ya kaboni dioksidi kutokana na jiwe peke yake, kabla ya kuhesabu moshi wa nishati. Klinka ikipunguzwa, gesi hiyo hupungua, na mara nyingi gharama hupungua pia. Tena majivu mazuri huimarisha zege. Warumi walilijua jambo hilo walipochanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, na majivu ya namna hiyo yanapatikana Tanzania katika nyanda za volkano za Mbeya. Kwa hiyo ugomvi hauko kati ya wapendao mabaki na wayachukiao. Uko kati ya mabaki yaliyopimwa na yasiyopimwa.

Hapa ndipo majina yanapoweza kupotosha. Mavi ya chuma yanayosifiwa katika vitabu vya ujenzi ni yale yatokayo katika tanuri kuu la kuyeyushia mawe ya chuma, ambayo hupozwa ghafla kwa maji yakawa kama kioo. Mabaki ya tanuri la umeme linaloyeyusha vyuma chakavu ni kitu kingine. Humo huingia mabati yaliyopakwa zinki, vyuma vyenye rangi, na vipande vya mashine za kila aina. Vumbi linalonaswa katika moshi wa tanuri kama hilo huwa na zinki, risasi na kadimiamu. Jina "mavi ya chuma" likitumiwa kwa vitu vyote hivyo bila kubagua, sifa ya kitu kimoja huhamishiwa kwa kingine isivyostahili.

Je, metali hizo zikishafungwa ndani ya saruji zinaweza kutoka? Kila mama wa nyumbani anaijua khanga inayochujuka. Rangi iliyoshika vyema katika uzi haiondoki, lakini rangi iliyokaa juu juu hutoka na maji ya kwanza. Metali katika saruji huwa na tabia zote mbili. Sehemu yake hushikwa katika fuwele, na sehemu hubaki katika vinyweleo vidogo vya tofali ambamo maji hupenya. Maji yakiingia na kutoka, metali huyeyuka na kusafiri kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo haba. Mwendo huo ni wa polepole, lakini haupumziki maadamu tofali lina maji.

Uyeyukaji wenyewe hutegemea uasidi au ualkali wa maji. Maji yaliyomo katika tofali jipya yana kipimo cha pH cha 12.5 hadi 13, yaani ni alkali kali. Wanafunzi wa kidato cha nne hufundishwa kwamba oksidi za zinki, alumini na risasi zina tabia mbili: huyeyuka katika asidi, na huyeyuka pia katika alkali kali. Kwa hiyo risasi inaweza kutoka katika tofali jipya, ikapungua kutoka pH ikishuka kufikia 9 au 10, kisha ikatoka tena maji yakiwa ya asidi. Kromiamu ina mwenendo tofauti. Ndani ya tanuri, penye oksijeni na chokaa nyingi, sehemu ya kromiamu hugeuka kutoka hali ya tatu kwenda hali ya sita ya uoksidishaji, nayo kromiamu ya hali ya sita huyeyuka kwa urahisi. Hiyo ndiyo inayosababisha ukurutu mgumu kupona katika mikono ya baadhi ya mafundi wanaokoroga saruji bila glavu. Kwa ajili hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2003, iliyoanza kutumika mwaka 2005, inayokataza saruji yenye zaidi ya miligramu 2 za kromiamu hiyo kwa kila kilo. Viwanda huitimiza kwa kuongeza salfeti ya chuma, ambayo huirudisha kromiamu katika hali ya tatu.

Hesabu ndogo inaweza kuonyesha ukubwa wa jambo. Ikichukuliwa kwamba kilo moja ya saruji ina miligramu 20 za kromiamu inayoyeyuka, mfuko wa kilo 50 utakuwa na gramu 1. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba lita ya maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 za kromiamu. Gramu 1 hiyo, kama ingetoka yote, ingetosha kufikisha lita 20,000 kwenye mpaka huo. Ni kweli kwamba haitoki yote, kwa maana saruji ikishika hufunga sehemu kubwa. Lakini ni kiasi gani hutoka, na kwa muda gani? Hilo halijibiwi kwa kubahatisha. Hujibiwa kwa kupima.

Mifano ya nchi nyingine inatoa funzo. Mwaka 1979, katika mji wa Lengerich nchini Ujerumani, wakazi waishio karibu na kiwanda cha saruji waliona mimea yao ikinyauka na mifugo ikiugua. Uchunguzi ulibaini metali iitwayo thaliamu, iliyo sumu kali. Ilitoka katika masalio ya pirati iliyochomwa, ambayo kiwanda kilikuwa kikiyaongeza katika malighafi ili kupata chuma. Thaliamu hugeuka mvuke katika joto la tanuri. Ikapanda na moshi, ikatua juu ya mboga na majani. Ugumu wa saruji yenyewe usingeweza kumwonya mtu juu ya hatari hiyo.

Mfano wa pili ulitokea katika kisiwa cha Curaçao mwaka 1996. Bomba jipya la maji lilikuwa limekandikwa saruji kwa ndani. Maji ya kisiwa hicho hutokana na bahari iliyoondolewa chumvi, na maji ya namna hiyo, kwa kuwa hayana madini, hunyonya upesi kile anachokutana nacho. Alumini ilitoka katika saruji ikaingia katika maji yaliyotumika kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, na wagonjwa 10 wakafariki. Alumini si metali nzito, wala wakazi wengine hawakupatwa na maafa hayo, lakini kanuni ni ile ile. Bomba lilikuwa imara. Hatari ilikuwa katika kile ambacho maji yalikiondoa, na aina ya maji ilikuwa na sehemu yake. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka paani na kuwekwa katika matangi ya saruji, kama yalivyo katika shule na nyumba nyingi, nayo ni maji laini yasiyo na madini.

Sasa na itazamwe hali ya Tanzania. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1975, limeweka kiwango cha saruji kiitwacho TZS 727, kinachofuata mfumo wa Ulaya. Kutokana nacho mnunuzi huona katika mifuko tarakimu 32.5 na 42.5. Tarakimu hizo ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Mfumo huo hueleza pia kiasi cha klinka na cha viungo vingine, muda wa kushika, na mipaka ya salfeti na kloridi. Mambo hayo yote ni ya lazima, kwa sababu nyumba ikianguka huua. Lakini hakuna hata moja linalouliza maji yataondoka na kiasi gani cha risasi. Si kosa la waandishi wa kiwango. Kiwango kilitungwa kujibu swali la mjenzi, nalo swali la mnywaji wa maji ni jingine.

Nchi nyingine zimekwisha kuliuliza swali hilo. Uholanzi, ambayo ardhi yake iko chini na maji yake yako karibu, ilitunga kanuni za vifaa vya ujenzi mwaka 1995. Katika kipimo chake kimoja, kipande kizima hulowekwa katika maji kwa siku 64. Maji hubadilishwa mara nane, na kila mara hupimwa metali zilizotoka. Kipimo hicho hakihitaji mitambo ya ajabu. Kinahitaji chombo safi, subira, na maabara yenye kifaa cha kupimia metali katika maji, kifaa ambacho Tanzania inacho katika maabara zake za taifa na za vyuo vikuu.

Yako mambo mawili yanayoifanya Dar es Salaam iwe na haja kubwa zaidi ya kipimo hicho. La kwanza ni namna tofali linavyotengenezwa. Mfyatuaji anayetaka matofali mengi kutoka mfuko mmoja huongeza mchanga, na tofali la saruji haba huwa na vinyweleo vingi. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi za pembezoni hukaa miaka bila lipu. La pili ni mwisho wa tofali. Ukuta ukibomolewa haupotei. Huwa kifusi, nacho kifusi hujaziwa mashimo ya barabara, nyua zenye madimbwi, na viwanja vya bondeni, mara nyingine hatua chache kutoka kisima kifupi. Wanafunzi wanaweza kukokotoa wenyewe maana yake. Bonge la mraba lenye upande wa sentimita 15 lina eneo la nje la sentimita za mraba 1,350. Likivunjwa kuwa vipande vya sentimita 1, eneo hilo huwa 20,250, yaani mara 15. Kile ambacho ukuta mzima ulikishika vyema, kifusi hukiachia kwa urahisi.

Historia ya jiji inaonyesha kwamba taka haziishi kwa kuhamishwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililowafukizia moshi na harufu, wakashinda. Na katika shauri hilo Mahakama ilikumbusha ibara ya 14 ya Katiba kuhusu haki ya kuishi. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991. Dampo angalau huonekana na hunuka, na jirani anajua wa kumshtaki. Taka zikiingia katika tofali hazionekani wala hazinuki, na hugawanyika katika maelfu ya nyumba. Jirani mwema wa taka hizo ni kipimo kilichofanywa kabla.

Gharama ya kupima baada ya madhara inajulikana katika pwani hii hii. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kwa ajili ya risasi kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Wakazi walidhurika, watoto wakiwamo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata baada ya hukumu hiyo kesi iliendelea kupanda katika mahakama za rufani. Risasi iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mtoto haiondolewi kwa hukumu.

Kwa hiyo yapo mambo manne yanayostahili kufanywa. Kwanza, kiwango cha saruji na cha matofali kiongezewe kipimo cha kuchujuka kwa metali, kwa saruji yoyote iliyotiwa mabaki ya viwanda. Pili, kila aina ya mabaki ipimwe kwa asili yake na kila inapobadilika chanzo, wala jina la jumla lisichukuliwe kuwa cheti. Tatu, mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya aletaye mabaki, si juu ya anayejenga chumba na sebule Chamazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali tayari kwamba tahadhari itangulie na kwamba mchafuzi alipe, na hapa kinachotakiwa ni kuitumia. Nne, wafyatuaji waelimishwe kwa lugha iliyo wazi kwamba majivu ya kiwandani si mchanga wa bure, na kwamba glavu si anasa.

Wapo watakaosema kwamba vipimo vitapandisha bei ya saruji, na kwamba maskini anahitaji nyumba kabla ya maabara. Hoja hiyo isidharauliwe. Lakini kipimo kimoja cha mabaki ya chanzo kimoja hutumika kwa maelfu ya tani, na gharama yake ikigawanywa kwa mifuko haionekani. Tena maskini ndiye aishiye katika ukuta usio na lipu, ndiye achotaye maji ya kisima kifupi, na ndiye anayekoroga saruji kwa mikono. Unafuu unaompa ukurutu leo, na maji yenye mashaka kesho, umehesabiwa nusu tu.

Shule nazo zina nafasi yake. Haifai wanafunzi kushika risasi wala kromiamu, lakini jambo moja la msingi linaweza kuonekana katika maabara yoyote ya sekondari. Na lichukuliwe kipande cha tofali la zamani, livunjwe papo hapo, na sehemu iliyovunjika idondoshewe fenolifthalini. Sehemu ya ndani itageuka waridi kwa sababu ingali alkali. Ukingo wa nje utabaki bila rangi, kwa kuwa kaboni dioksidi ya hewani imekwisha kuila alkali yake. Mwalimu akiupima ukingo huo kwa rula katika matofali ya miaka mbalimbali, darasa litaona kwa macho kwamba tofali si kitu kilichokufa. Linaendelea kubadilika, na linavyobadilika ndivyo yanavyobadilika yale linaloyashika na yale linaloyaachia.

Mwanafunzi aliyeuona ukingo ule usio na rangi hatatosheka kulidondosha tofali chini na kusikiliza mlio wake. Atauliza majivu yaliyomo yalitoka tanuri gani, na nani aliyapima katika maji. Wafyatuaji wa Tegeta na Mbagala wakianza kuulizwa hivyo na wanunuzi wao, nao watawauliza wauzaji wa saruji, na swali litapanda hadi kwa waandishi wa viwango.